Hofu Isiyo na Sauti

Spika za ukumbi wetu wa parokia ziliungua jioni ya Jumamosi moja ya Oktoba, jenereta iliporusha umeme kupita kiasi. Tulikuwa tumekwisha kutangaza onyesho la filamu kwa vijana wa mashirika yote ya mtaa, na watu walikuwa wamekwisha kuketi. Mbele walikaa watoto wa Kizito-Anuarite, ambao hawakualikwa lakini hawakosi mahali popote penye mwanga. Nyuma yao wanakwaya. Na kando ya ukuta wale wakubwa wasiopenda ionekane kwamba wamekuja. Projekta ilikuwa nzima na shuka jeupe lilikuwa limetandazwa. Filamu tuliyoikusudia ilikuwa ya mapigano, na filamu ya mapigano isiyosikika ngumi ni ngoma isiyo na ngozi.

Ndipo mwenzetu mmoja aliyerudi kutoka masomoni Bujumbura alipotoa flashi mfukoni, akasema anayo filamu isiyohitaji spika, kwa kuwa ilitengenezwa kabla filamu hazijaanza kusema. Tulidhani atatuwekea Charlot, ambaye hata wazee wetu wanamfahamu. Badala yake tuliona maandishi ya Kijerumani, kisha mwanamke kijana dirishani akicheza na paka, na baada ya muda mrefu, kasri juu ya mwamba na mtu mrefu mwenye kipara, masikio yaliyochongoka na meno mawili ya mbele kama ya panya. Ilikuwa *Nosferatu*, filamu ya mwaka 1922. Watoto tuliwarudisha nyumbani, jambo ambalo tungepaswa kulifanya mapema zaidi.

Yafaa tueleze jinsi tulivyozoea kutazama. Katika vibanda vya video vya Uvira, filamu ya Marekani au ya China huja na sauti ya mtu wa ziada. Mtafsiri hukaa juu ya filamu kama mpanda farasi, akieleza kwa Kiswahili kila kinachosemwa na mengi yasiyosemwa, akitania, akimpa jambazi jina la mtaani. Sanaa hii ilipata umaarufu Tanzania kupitia Lufufu, na Kenya kupitia DJ Afro, na kaseti na diski zake zilivuka ziwa hadi kwetu pamoja na chumvi na sabuni. Kwa hiyo kuona filamu isiyo na sauti yoyote kulitufanya tujisikie kama watu walioachwa njiani. Mmoja wetu mwenye kipaji hicho alisimama mara moja akajaza pengo. Akampa yule mnyonya damu, Bwana Orlok, sauti ya mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi mitatu. Ukumbi mzima ulicheka.

Alicheza hivyo kwa robo saa hivi. Kisha likaja tukio la usiku kasrini, kijana Hutter yuko kitandani, mlango unafunguka wenyewe, na Orlok amesimama ndani ya upinde wa mlango, mwili wake ukiujaza kama maiti inavyolijaza jeneza. Mtafsiri wetu akafungua kinywa, akakifumba, akakaa. Alituambia baadaye kwamba hakuona cha kuongeza. Tangu hapo tulisikia jenereta, mbwa wa jirani, na pumzi za watu.

Filamu hiyo, ambayo wengi wetu tumeitazama sasa mara nne au tano, iliongozwa na Friedrich Wilhelm Murnau, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 4 Machi 1922, katika ukumbi wa bustani ya wanyama ya mji huo. Mnyonya damu aliigizwa na Max Schreck. Hadithi ilichotwa katika kitabu cha Bram Stoker cha mwaka 1897, *Dracula*, bila ruhusa, majina yakabadilishwa ili wizi usionekane sana. Mjane wa Stoker, Florence, alishtaki; kampuni iliyoitengeneza ilikwisha kufilisika, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Kwa sheria alikuwa na haki, hatuwezi kumlaumu. Lakini nakala kadhaa zilikwisha kusafiri mbali, na kwa ajili ya hizo chache filamu iko hai, nasi vijana wa mwambao wa Tanganyika tumeiona karne moja baada ya hukumu ya kuiangamiza.

Mwanzoni tulikosea mambo mengi. Kuna mahali Orlok anatembea mjini amebeba jeneza lake, na kwetu ilionekana ni saa sita ya mchana, jua likiwaka. Tulicheka kwamba huyu mtu wa giza amesahau saa. Kumbe kosa lilikuwa la nakala yetu. Kamera za wakati ule hazikuweza kupiga picha usiku, kwa hiyo walipiga mchana, kisha wakaipaka rangi filamu yenyewe: bluu kwa usiku, manjano kwa mchana na kwa mwanga wa taa za ndani, waridi kwa alfajiri. Nakala yetu ilikuwa nyeusi na nyeupe tupu. Tulipopata nakala iliyorudishiwa rangi zake, kicheko kilikwisha. Tena rangi hizo zina uzito katika hadithi, maana ni filamu hii iliyoanzisha wazo la kwamba mwanga wa jua humuua mnyonya damu. Katika kitabu cha Stoker Dracula hutembea mchana bila kufa.

Tulijifunza pia kutazama kivuli. Karibu na mwisho, Orlok anapanda ngazi kwenda kwa Ellen, mke wa Hutter, na tunachokiona ni kivuli chake tu ukutani: mgongo uliopinda, vidole virefu vinavyozidi kurefuka vikiufuata mlango. Hakuna damu wala kelele. Sisi wa Uvira tunafahamu hofu ya namna hiyo bila kufundishwa. Karibu na mdomo wa mto Rusizi, watu wa Burundi na wa kwetu wamesimulia kwa miaka mingi habari za mamba mkubwa aitwaye Gustave. Wageni walikuja na mtego wa chuma wamnase mbele ya kamera, wakashindwa, na filamu yao ikatoka mwaka 2004. Mwaka 2007 Wamarekani wakatengeneza filamu ya kubuni juu yake, *Primeval*, yenye mamba anayeonekana tangu pua hadi mkia, na kelele nyingi. Tuliitazama tukila karanga. Lakini hakuna hata mmoja wetu ambaye angeingia majini jioni ile karibu na Rusizi, ambako hakuna kinachoonekana isipokuwa maji.

Padri mlezi wetu alipopata habari kwamba vijana wake wanakusanyika Jumamosi usiku kutazama wanyonya damu, alituita. Alikuwa na sababu ya wasiwasi. Alituuliza swali moja: mkitoka hapo, mnamwogopa nani? Hatukuwa na jibu zuri. Hata hivyo hakutukataza, na wiki mbili baadaye alituletea habari iliyotushangaza. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa orodha ya filamu 45 zinazostahili kukumbukwa, zikigawanywa katika dini, maadili na sanaa. *Nosferatu* imo, katika fungu la sanaa. Baada ya hapo Padri alikuja kila Jumamosi, akakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma, na swali lake lilikuja pamoja naye.

Spika hatukuzitengeneza tena, ingawa fedha zilipatikana. Mpiga ngoma wa kwaya na mwenzake wa gitaa walijitolea kutumbuiza, kama ilivyokuwa desturi zamani, maana filamu hizi kwa kweli hazikuonyeshwa kimya: palikuwa na piano au okestra, na Japani palikuwa na msimulizi kando ya skrini, ndugu wa mbali wa Lufufu. Mpiga ngoma wetu aligundua kwamba watu walishtuka zaidi pale alipoacha kupiga. Maandishi ya skrini yalisomwa kwa sauti na binti mmoja anayejua Kifaransa vizuri, akiyageuza Kiswahili papo hapo, kwa adabu na bila kuongeza neno.

Filamu ya pili tuliyoitazama ni *Baraza la Daktari Caligari*, iliyoongozwa na Robert Wiene na kutoka mwaka 1920. Nyumba zake zimepinda, madirisha yana pembe kama visu, na vivuli vingi vimechorwa kwa rangi juu ya turubai. Daktari mwenye hila anamweka kijana aitwaye Cesare ndani ya sanduku, amelala usingizi usiokwisha. Usiku anamwamsha na kumtuma kuua, naye anakwenda bila chuki, bila hata kujua. Siegfried Kracauer, katika kitabu chake cha mwaka 1947, alimsoma Cesare kama mtu wa kawaida aliyefunzwa na wakubwa kuua na kuuawa, kama vijana wa Ulaya walivyofanywa katika vita vya 1914 hadi 1918. Hatukuhitaji kitabu. Pamoja nasi alikuwapo kijana aliyekaa porini miezi kadhaa kabla hajafika umri wa miaka 15. Sanduku lilipofunguliwa na Cesare kufumbua macho yake makubwa, alitoka nje. Wawili wetu walimfuata, wakamkuta ufukoni akitazama taa za wavuvi wa ndagala. Hawakumwuliza kitu. Wiki iliyofuata alirudi, akaketi mbele.

Turudi kwenye *Nosferatu*, maana hapo ndipo jambo letu lilipoanzia. Orlok anaingia mjini kwa meli ambayo mabaharia wake wote wamekufa. Meli inateleza yenyewe bandarini, tanga zikiwa zimejaa upepo, na ukiwa umezoea kuangalia bandari ya Kalundu wakati wa magharibi, tukio hilo halitakutoka. Panya wanashuka. Tauni inaanza. Mtu anapita na ngoma akitangaza amri, milango inatiwa alama ya msalaba kwa chaki, na majeneza yanabebwa mtaani mfululizo mbele ya dirisha la Ellen. Mji wetu unajua kipindupindu. Unajua nyumba inayonyunyiziwa klorini huku majirani wamesimama mbali, na unajua usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, Mulongwe ulipofurika na kuchukua nyumba na watu. Tunajua kwamba msiba mkubwa ukishaingia, watu hawatulii hadi wapate jina la mtu.

Watu wa filamu wanalipata. Yupo dalali wa nyumba aitwaye Knock, mwenda wazimu aliyetoroka kizuizini, na umati unaanza kusema kwamba ndiye yeye. Wanamfukuza juu ya mapaa, wanampiga mawe, wanamkimbiza mashambani. Kwa mbali wanaona umbo la mtu limesimama. Wanalivamia na kulirarua, na kumbe ni sanamu ya kutishia ndege. Usiku wa kwanza tulicheka hapo. Mara ya tatu tulipoitazama, hakucheka mtu. Knock si mtu mwema, ni kweli. Lakini wakati umati ukirarua majani makavu, tauni iko palepale ilipokuwa.

Hata hivyo tusiisifu filamu hii kupita kiasi. Mgeni mwenye pua ndefu anayeingia mjini na panya: wachambuzi wengi wameonyesha jinsi sura hiyo ilivyofanana na katuni za chuki dhidi ya Wayahudi zilizokuwa zikisambaa Ulaya wakati ule. Mwaka 1940 wenye utawala wa Hitler walitoa filamu ya propaganda iliyowalinganisha Wayahudi waziwazi na panya. Hatusemi Murnau alilikusudia hilo. Tunasema tu kwamba watu wa Maziwa Makuu hawawezi kumtazama mgeni aliyechorwa kama mdudu na kuona ni mchezo. Hapa jirani, mwaka 1994, watu waliitwa mende kwanza. Tulibishana juu ya jambo hili hadi mafuta ya jenereta yakaisha, tukaendelea gizani, na mengine yaliyosemwa gizani kuhusu makabila yetu hayawezi kuandikwa hapa.

Ndipo yule mwenzetu wa flashi aliposema ipo filamu nyingine, lakini anaiogopa kidogo kwa sababu ya Padri. Ni *Häxan*, maana yake mchawi, ya Mdenmaki Benjamin Christensen, iliyotengenezwa na kampuni ya Sweden na kutoka pia mwaka 1922. Padri aliitazama kwanza peke yake. Alisema tutaitazama sisi wakubwa tu, na kwamba sehemu fulani ataziruka, naye akaziruka. Sehemu za mapadri wabaya hakuziruka.

Hadithi yake kuu ni hii. Mpiga chapa mmoja anaugua ghafla. Nyumbani mwake wanatafuta aliyemroga, na macho yanamwangukia Maria, kikongwe anayejipatia riziki kwa kusuka nguo, aliyeingia jikoni kuomba chakula. Anakula kwa pupa, mchuzi ukimtiririka kidevuni, na kwa sababu anakula vibaya anaonekana mbaya. Watawa wa mahakama ya uchunguzi wanamchukua, wanamwonyesha vyombo vya mateso, wanavitumia. Maria anakiri. Anakiri kila kitu wanachotaka, kisha anawataja wengine, wakiwamo wanawake wa nyumba ileile iliyomshtaki. Mwishowe Anna, mke kijana wa mgonjwa, yeye aliyepeleka mashtaka, anachukuliwa pia.

Kamera inakaa juu ya uso wa Maria kwa muda mrefu kuliko inavyostahimilika. Aliyemwigiza, Maren Pedersen, hakuwa mwigizaji wa kazi. Alikuwa mwanamke mzee hasa. Filamu yenyewe inaeleza kwamba wakati wa mapumziko aliinua uso wake uliochoka akamwambia Christensen kwamba Shetani yupo kweli, amemwona ameketi kando ya kitanda chake. Shetani wa filamu anachezwa na Christensen mwenyewe, ulimi nje, mwenye kuchekesha kuliko kutisha. Wanaotisha ni wale watawa wanaoandika maungamo kwa mwandiko mzuri.

Filamu ina makosa. Inataja wachawi milioni nane waliochomwa, lakini wanahistoria wa leo wanakadiria kati ya 40,000 na 60,000 waliouawa Ulaya. Mwishoni inajaribu kueleza uchawi wote kuwa maradhi ya neva, na sehemu hiyo imezeeka vibaya. Lakini uso wa kikongwe yule haukuzeeka.

Taa zilipowashwa tulimgeukia Padri. Baadhi yetu tulikuwa na hasira: hao walikuwa watawa wa Kanisa letu. Hakulikana. Alitukumbusha Jeanne d'Arc, aliyechomwa mwaka 1431 kwa hukumu ya mahakama iliyoongozwa na Askofu Pierre Cauchon, na kutangazwa mtakatifu mwaka 1920. Kisha akatusimulia juu ya Friedrich Spee, Mjesuiti wa Ujerumani, aliyechapisha mwaka 1631, bila kutia jina lake, kitabu kikali dhidi ya kesi za wachawi. Hoja yake kubwa ilikuwa nyepesi kueleweka: ukimtesa mtu atakiri, na ukizidi kumtesa atawataja wengine, kwa hiyo kiwanda cha wachawi ni chumba cha mateso. Spee alikufa Trier mwaka 1635 kwa maradhi ya kuambukiza aliyoyapata akihudumia askari wagonjwa. Padri alisema hayo kisha akanyamaza, akarudia swali lake la zamani.

Mtu mmoja alitaja Kabare, Kalehe na Walungu, ambako mnamo mwaka 2021 habari zilitufikia za wanawake, wengi wao wazee, waliouawa, baadhi kwa moto, wakisingiziwa uchawi. Wote tulitikisa kichwa kwa huzuni. Kabare ni mbali. Ndipo binti aliyekuwa akitusomea maandishi akasema, bila kuinua macho, jina la mama mmoja mzee wa mtaa wetu.

Inatupasa tuliseme lililotokea, kwa kuwa bila hilo tusingekuwa na haki ya kuandika juu ya filamu hizi. Miaka mitatu kabla ya usiku ule, mtoto wa kike wa miaka minne alifariki mtaani petu kwa homa ya siku tatu. Mtu mmoja aliyejiita nabii alipita akasema ugonjwa umetoka nyumba yenye mwembe. Nyumba yenye mwembe ilikuwa ya mjane aliyekuwa akikausha ndagala na kuwauzia majirani kwa mkopo. Usiku vijana walikusanyika. Walimtoa, wakang'oa mlango wake, wakamwaga samaki wake, wakampiga. Kabla ya alfajiri alikwisha ondoka. Hatukumpiga sisi. Tulisimama barabarani, kama wanakwaya kumi hivi tuliotoka mazoezini, na mmoja wetu alikuwa ameshika tochi kubwa ya parokia, akamulika ili watu waone. Hakuna aliyesema acheni. Kesho yake ilikuwa Dominika, tukaimba Misa.

Usiku wa *Häxan* tulikaa ukumbini hadi karibu saa sita. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Mmoja alikuwa mdogo wakati ule. Mwingine aliogopa kwamba akisema neno, yeye na mama yake watatajwa pia, na hilo halikuwa uongo, maana ndivyo Anna alivyokwisha. Mwenye tochi alikuwapo. Alisema yeye alidhani kumulika ni kusaidia.

Mwezi uliofuata sita kati yetu tulipanda pikipiki tatu kuelekea kusini, tukapita Kalundu, ziwa likiwa kushoto na milima kulia, kwa njia ya Fizi. Tulikuwa tumesikia yuko kwa mtoto wa dada yake. Tulimkuta ameketi mbele ya nyumba, chandarua cha zamani kimetandazwa na ndagala juu yake. Alitutazama mmoja mmoja kwa muda mrefu, na hapo tulitambua kwamba tulikuwa tumefundishwa kutazama uso bila kusaidiwa na maneno, na kwamba haikuwa faraja.

Tulikuwa tumeandaa maneno. Aliyekuwa aanze hakuanza. Ni yeye mama aliyemwonyesha kidole mwenzetu, akasema, "Wewe ndiye uliyeshika tochi."

"Ndiyo, mama," akajibu.

"Ulinimulika machoni. Sikumwona aliyenipiga hata mmoja. Watu wa hapa waliniambia nikashtaki. Nitamshtaki nani? Nilichokiona ni taa."

Kijana yule alipiga magoti mchangani. Mama hakumwinua wala hakumfukuza. Aliendelea kugeuza samaki kwa vidole, na baada ya kitambo akauliza kama mwembe wake umezaa mwaka huu. Tukamwambia umezaa. Akauliza nani anakula. Tukanyamaza, kwa sababu tulikuwa tumekula.

Tulimwambia kwamba tukirudi tutautengeneza mlango, na mlango tumeutengeneza. Mafundi wawili wa chama chetu walifanya kazi hiyo siku mbili, na baadhi ya majirani walipita bila kutusalimu. Kama atarudi, hakusema. Tulipoaga alifunga ndagala katika kipande cha kitenge, akasema tumpelekee mama wa yule mtoto, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulipia nusu kabla ya msiba na deni ni deni.

Tulilipeleka furushi lile jioni ileile. Mama wa mtoto alilipokea mlangoni. Alilishika bila kulifungua, akatazama upande wa mwembe, na sisi hatukusema kitu. Kisha akatuuliza kama yule mama bado anakohoa.